Muulize Mwalimu: "Rasimu yangu imelala mezani kwa msimamizi"

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka vyuoni, na kila mwandishi kwa namna yake anauliza nani atamshika mkono. Wapo wa historia, wa fasihi, wa isimu, yupo mhadhiri mmoja, na yupo baba mzazi wa Mbagala aliyeandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mwandiko safi kuliko wa wasomi wote hao. Mimi nilifundisha historia hadi nikastaafu, kwa hiyo mifano yangu itaelemea huko. Majina nimeyaacha, kama ilivyo kawaida ya safu hii.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Dar. Tasnifu yangu inahusu makuli wa bandarini na mgomo wa 1947. Sura ya pili nilimkabidhi msimamizi tangu Machi. Kila nikiuliza, jibu ni "iko mezani, nitaiangalia." Wakati huohuo ananipa mitihani ya mwaka wa kwanza nimsahihishie, na juzi alinituma gereji Sinza nikamchukulie gari. Wenzangu wananiambia nibadilishe msimamizi. Nifanyeje? — Mchovu wa Msewe

Marahaba, mwanangu. La gari tulimalize kwanza maana ni jepesi. Siku nyingine mwambie, "Samahani Profesa, leo nimepanga kushinda Nyaraka za Taifa," kisha kweli uende Upanga ukashinde huko. Hakuna profesa atakayekasirika hadharani kwa sababu mwanafunzi wake yuko kwenye nyaraka. Kusahihisha ni habari nyingine. Kama amekupa mwongozo wa majibu, mkasahihisha pamoja karatasi za mwanzo, na idara inajua, hiyo ni kazi halali na utajifunza mengi kuhusu namna watu wanavyoshindwa kujenga hoja. Kama amekutupia bahasha tu na kusema "Jumatatu nazihitaji," uliza idara inakutambua vipi.

Sasa sura yako. Ulimpelekea nini hasa? Nahisi ulimpa sura nzima, imetolewa kopi na kubanwa vizuri pale steshenari, bila swali hata moja juu yake. Mtu mwenye vikao, mitihani na wanafunzi wengine wa uzamili akiona rundo la namna hiyo hujiambia atalisoma akipata nafasi, na nafasi haiji. Chukua kurasa tatu zinazokusumbua. Juu ya ukurasa wa kwanza andika: "Hapa nashindwa kuamua kama waliotangulia kugoma ni makuli wa kutwa au wa mwezi. Mafaili ya serikali yanasema hivi, gazeti linasema vile. Naomba maoni yako kabla ya Alhamisi." Kurasa tatu zenye swali husomwa hata kwenye foleni ya Mwenge. Mkishaonana, jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi: tumekubaliana hili na hili, nitaleta hiki tarehe fulani. Ikitokea kweli ukahitaji kubadilisha msimamizi, mratibu wa uzamili ataanza kwa kukuuliza ushahidi, na barua pepe hizo ndizo ushahidi. Manung'uniko ya kwenye korido hayawekwi kwenye faili.

Umeniambatishia ukurasa mmoja, nami nimeusoma penseli mkononi. Sentensi yako ya kwanza ni hii: "Wafanyakazi waligoma kwa sababu ya hali ngumu ya maisha." Mwanangu, sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufungua faili hata moja. Wafanyakazi gani? Kuli wa kutwa aliyesimama getini alfajiri bila kujua kama leo ataitwa, au mwenye mshahara wa mwezi? Ugumu gani wa maisha: bei ya unga, kodi ya chumba Kariakoo, nguo? Makuli wa Dar walikuwa wamekwishagoma 1939, wakagoma tena 1943. Ugumu ulikuwepo miaka yote hiyo. Kilichotokea Septemba 1947 ni kwamba mgomo ulitoka bandarini, ukaingia kwa watu wa reli, ukapanda nao kwenda bara. Swali lako liko hapo, na limelala chini ya neno "ugumu" kama mtu aliyejifunika shuka. Lifunue. Futa sentensi ya kwanza yote, anza na ya nne, ile inayotaja geti la bandari. Ile ni nzuri.

Nimekufanyia hivyo makusudi ili uone unachokidai. Wengi mnaoniandikia mnatafuta mlezi wa kuwatia moyo na kuwafungulia milango. Mimi nasema tafuta msomaji, mtu atakayekaa na ukurasa wako na kuukwaruza, na atakayekuonyesha wa kwake ukiwa bado haujaiva. Hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jambo hili lina historia. Mwanahistoria Walter Rodney alipokuwa akiandika hapa kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya na umaskini wa Afrika, mswada aliwapa vijana wa hapohapo, Karim Hirji na Henry Mapolu, wausome na kuukosoa, na mwanzoni mwa kitabu akawashukuru kwa majina. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wake vijijini wakakusanye masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Ripoti zao zilikusanywa na kudurufiwa, na mpaka leo huwezi kuandika neno la maana juu ya vita ya 1905 hadi 1907 bila kuzipitia. Walikuwa vijana wa shahada ya kwanza! Walimu wao hawakuwahutubia kuhusu utafiti. Waliwapa daftari na nauli, na waliporudi wakazisoma kurasa zao.

Wakati unamsubiri huyo wako, usikae. Tafuta wenzako watatu wanaoandika tasnifu, hata wa fasihi au isimu, mkutane kwenye vimbweta, zile meza na viti vya saruji vya nje, mara moja kwa wiki, kila mmoja na kurasa mbili. Mwandishi afunge mdomo mpaka kila msomaji aseme alichokielewa. Utashangaa. Nimeona hoja nyingi zikinyooka pale kwenye vimbweta kuliko ofisini kwangu, na ofisi yangu ilikuwa na feni.

Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni fundi seremala Mbagala. Kijana wangu amemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kafaulu vizuri, amechaguliwa kusoma Kiswahili chuo kikuu. Shangazi zake wanasema angeomba uhasibu. Yeye anasema anataka awe profesa. Naomba kujua kama njia hiyo ipo au ni ndoto. — Baba Mzazi

Kaka yangu, njia ipo, nyembamba, na ina geti lenye namba. Matangazo ya kazi za kufundisha chuo kikuu kwa ngazi ya kwanza, ile ya mkufunzi msaidizi ambayo vijana huiita TA, kwa kawaida hutaka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kwenda juu katika shahada ya kwanza. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Maana yake kuna vijana wengi wanaomaliza na shahada nzuri kabisa, familia zinachinja mbuzi, na geti hilo limeshafungwa bila wao kujua. Alama zinaanza kuhesabiwa mwaka wa kwanza, wakati mtoto bado anashangaa jiji la Mlimani na kula bumu, ile posho ya mkopo. Mwambie leo, asije akaambiwa mwaka wa tatu. Baada ya TA ni uzamili ili awe mhadhiri msaidizi, kisha uzamivu ndipo awe mhadhiri, na uprofesa uko mbele huko, miaka mingi na machapisho mengi.

Shangazi wana hoja yao, siwakatai. Fedha nyingi za serikali sasa zinaelekea sayansi; hata ule ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza 2022 ni wa waliofaulu sayansi. Lakini Kiswahili si kile cha zamani. SADC wamekipokea 2019, Umoja wa Afrika 2022, na huko kote wanahitajika wafasiri, wakalimani na wahariri. Ajifunze mojawapo ya kazi hizo kwa dhati tangu mapema, ili hata uprofesa ukichelewa, mkono upate cha kushika. Wewe kwa upande wako, usimwite nyumbani kwa kila msiba wiki za mtihani. Hilo peke yake ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Mwalimu, habari za kazi. Mwaka jana niliajiriwa kama TA katika chuo kimoja binafsi hapa jijini. Nafundisha semina sita kwa wiki za stadi za mawasiliano. Nimeandika makala kuhusu mashairi ya gazeti la Mambo Leo. Mkuu wangu ameisoma, akasema itachapishwa haraka jina lake likitangulia. Hajaandika hata mstari. Naogopa kukataa kwa sababu ya mkataba. — Jina la Pili, Kinondoni

Kwenye sayansi za maabara majina huwa mengi, kwa sababu maabara, vifaa na fedha ni vya mtu fulani, na wana taratibu zao. Kwetu sisi, aliyekaa na magazeti yaliyoanza kutoka 1923, akasoma mashairi yaliyofifia mpaka macho yakamuwasha, huyo ndiye mwandishi. Aliyesoma rasimu na kutoa maoni mawili huwekwa kwenye shukrani. Hapo hakuna mjadala.

Mkataba nao una mjadala, na sitakwambia uwe shujaa wakati mimi nakula pensheni yangu kwa amani. Kuna njia ya kupita pembeni. Omba nafasi ya kuiwasilisha makala kwenye semina ya idara, au chuo chochote cha jirani chenye semina ya wazi. Tangazo libandikwe ukutani na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, likiwa na jina lako na kichwa cha makala. Baada ya siku hiyo kila mtu anajua kazi ni ya nani, na ni vigumu mtu mwingine kujitokeza mbele yako. Kisha ipeleke kwenye jarida linalowapa wakaguzi wake makala bila jina la mwandishi, na mkuu wako umtaje kwenye shukrani kwa heshima zote. Akisisitiza anataka jina, mkaribishe aandike sehemu ya arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, kwa mkono wake, kurasa tano hivi. Ama utapata mwenza wa kweli, ama hutasikia tena habari hizo. Mimi naamini hutazisikia tena, lakini watu hushangaza.

Kuhusu semina sita: mazoezi ya darasani yachukue humohumo kwenye Mambo Leo. Mwanafunzi akifupisha barua ya msomaji wa zamani atajifunza ufupisho vilevile kama angefupisha taarifa ya benki, na wewe utakuwa umesoma tena vyanzo vyako. Na uulize kwa maandishi ni lini utaruhusiwa kwenda masomoni. TA asiye na tarehe ya uzamili anazeeka na chaki.

Mwalimu, mimi ni mhadhiri wa kiume, miaka kumi na ushee kazini. Kwa hali ilivyo, na maneno ya rushwa ya ngono yalivyozagaa, nimeamua kutosimamia wanafunzi wa kike kabisa. Mke wangu anasema nawaonea. Nani yuko sahihi? — Mwenye Tahadhari, Changanyikeni

Mkeo.

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu mmoja wa heshima sana aliwachukua wavulana wa darasa letu kwenda nao kwenye nyaraka, akawaonyesha namna ya kusoma faili: muhuri wa tarehe, maoni ya pembeni ya bwana shauri wa kikoloni, kurasa zilizonyofolewa. Sisi wasichana tulirudishiwa insha zetu na "vizuri" kwa wino mwekundu. Hakuwahi kutukosea adabu hata siku moja. Lakini wale wavulana walianza uzamili wakijua kazi, na mimi nikaja kujifunza muhuri wa tarehe peke yangu, kwa kubahatisha. Tahadhari yako inafanya vilevile.

Sheria haikukatazi kusimamia wasichana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamkamata anayetumia mamlaka yake kudai ngono ili atoe alama, kazi au upendeleo. Kama hudai, kinachobaki ni utaratibu, na utaratibu ni rahisi. Saa za kuonana zibandikwe mlangoni. Mlango uwe wazi. Waite wawili wawili ikiwezekana, msichana na mvulana, kila mmoja asikie mwenzake anavyokosolewa. Hata kitaaluma inafaa zaidi. Maoni yawe kwenye karatasi au barua pepe ya chuo. Usiandike ujumbe wa usiku, hata wa kuuliza "umefikia wapi." Hakuna kukutana hotelini, hata kama Wi-Fi ya hotelini ni nzuri. Na uweke daftari la nani umempa saa ngapi. Mwisho wa muhula lifungue ulisome: ukiona wavulana wamepata saa nzima na wasichana wamepata robo, umeshajua cha kufanya.

Jambo moja zaidi. Msichana akimaliza uzamili vizuri, usimwamulie moyoni kwamba sasa ataolewa na basi. Muulize kuhusu uzamivu kama unavyomuuliza kaka yake. Wengi hatukuulizwa.

Kwa wasichana mnaosoma safu hii na ambao mhadhiri wenu si wa namna hii: simu ya TAKUKURU ni 113, hailipiwi. Tunza ujumbe aliokutumia, usiufute kwa hasira.

Shikamoo. Nataka kuomba uzamivu wa fasihi Marekani. Fomu inataka barua tatu za wadhamini. Wahadhiri wangu wawili wameniambia, "andika mwenyewe, uniletee nisaini." Ni sawa? — Msafiri, Tabata

Marahaba. Ni jambo la kila siku hapa kwetu, na wanaosema hivyo mara nyingi hawana nia mbaya, wamezidiwa tu. Lakini litakuponza. Barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja zinafanana pumzi, na wanaozisoma kule wanasoma mamia. Tena sisi tukijiandikia tunaona haya kujisifu kwa jambo la maana, tunaangukia "ni kijana mwenye nidhamu, heshima na ushirikiano." Kamati ya chuo cha Wisconsin haijali heshima yako. Inataka kujua ulibishana na nani, kuhusu nini, na kama unaweza kuandika.

Kwa hiyo usimpelekee barua. Mpelekee ukurasa mmoja wa taarifa: kozi alizokufundisha na mwaka, alama, kichwa cha insha uliyomwandikia na hoja yake kwa sentensi mbili, swali ulilouliza semina mpaka mkachelewa kutoka kama lilikuwepo, vyuo unavyoomba na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Ambatisha insha yenyewe ikiwa na maoni yake ya zamani. Akiwa na karatasi hiyo mbele yake, barua anaiandika kwa nusu saa na itakuwa yake kweli. Maombi mengi ya kule hufungwa Desemba, basi anza kuwaona Septemba kabla hawajamezwa na mitihani. Ada ya kuomba ikikushinda, waandikie chuo uombe kusamehewa. Vyuo vingi vina utaratibu huo ila hawautangazi kwa sauti. Programu nyingi za uzamivu za fasihi hukulipia masomo na posho ukiwafundishia, kwa hiyo usikubali ya kujilipia mwenyewe.

Ukitaka kuonja kwanza, upo mpango wa Fulbright wa kupeleka walimu vijana wa lugha wakafundishe Kiswahili Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha unarudi. Na kabla hujafunga begi, fikiria pia TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili hapo Mlimani, ambako uzamivu wa Kiswahili unauandika kwa Kiswahili. Nimeona watu wenye hoja kali wakizipoza kwa kuzitafsiri. Huenda wewe si mmoja wao.

Mfumo wa maombi utawatumia wadhamini kiungo kwa barua pepe. Toa anwani zao za chuo, maana za binafsi hutiliwa shaka, na waombe waangalie hata kwenye barua taka. Wakumbushe wiki mbili kabla, kisha siku chache kabla, bila kuona haya. Ukipita ofisini kuwakumbusha, nenda na nakala nyingine ya ule ukurasa. Ule wa kwanza watakuwa wameshaupoteza.